Posa kwenye Mizani

Mzee Breki hakupewa jina hilo kwa uangalifu wake. Alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga breki pale ambapo binadamu wengine wangekanyaga, iwe barabarani, iwe kwenye maneno. Alikuwa na lori moja, kichwa na tela lake refu. Alikuwa na mke, mtoto wa kiume ambaye siku hizi ndiye aliyeshika usukani, na binti wa mwisho ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, mpaka jina lake la cheti likasahaulika.

Kitinda alikuwa mshika karatasi za mzigo. Tangu amalize shule alisafiri na baba na kaka yake, akiketi kwenye kitanda cha nyuma ya viti, akishuka kwenye kila mizani ya barabarani na faili kwapani. Alijua mambo ambayo mabinti wa rika lake hawakuyajua wala hawakuyataka. Alijua kwamba lori halipimwi jumla tu, linapimwa ekseli kwa ekseli, kila mhimili wa magurudumu peke yake, na kwamba unaweza kubeba mzigo halali kabisa ukazuiwa kwa sababu umelalia upande mmoja. Alijua pia kwamba tela lao lilikuwa la kuteleza. Magurudumu yake ya nyuma yalishikiliwa kwenye matundu ya fremu kwa pini za chuma. Ukizichomoa pini, ukafunga breki za tela, kisha kichwa kikavuta taratibu, bodi husogea mbele na magurudumu hubaki nyuma. Tundu moja baada ya jingine, uzito unahama kwenda mbele bila mtu kugusa mfuko hata mmoja. Ni kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa.

Mtu aliyemposa hakujua hayo. Alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba cha kushonea karibu na stendi, alichochangia na mama mmoja mshonaji. Kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa mwembamba, mpole, na mikono yake ilikuwa laini kuliko ya Kitinda. Walijuana Kitinda alipopeleka suruali za kaka yake kupunguzwa. Akarudi na suruali, akarudi tena na kisingizio, mara ya tatu akarudi mikono mitupu.

Fundi alipokuja nyumbani na mjomba wake kuleta posa, alivaa shati aliloshona mwenyewe, kola yake imesimama kama imechorwa. Mzee Breki alimtazama kutoka unyayo hadi utosi, akarudi tena chini.

“Nguo nimeziona,” akasema. “Mwanaume bado sijamwona.”

Mjomba akakohoa. Fundi akatabasamu, akidhani ni utani wa wakwe.

“Kesho kutwa tunapeleka saruji,” mzee akaendelea. “Panda na sisi. Nataka nimjue mtu anayetaka kunichukulia mwanangu.”

“Nitakuja, baba,” Fundi akajibu.

Jioni ile mama yake Kitinda alimfuata binti yake jikoni. “Mwambie avae nguo kuukuu,” akasema bila kumtazama. “Na viatu vigumu.”

“Kwani kuna nini, mama?”

“Baba yako namjua. Mimi pia nilipimwa.” Hakusema alipimwaje.

Kitinda hakuufikisha ujumbe ule. Alitaka baba yake amwone Fundi amependeza.

Siku ya safari, Fundi alifika ghalani asubuhi na shati jeupe, na viatu vyepesi vya kitambaa. Kitinda alikuwa akihakiki karatasi alipomsikia baba yake akiwaambia wapakiaji, “Nyuma. Jazeni nyuma, huko mbele acheni wazi.”

Kiongozi wa wapakiaji alishika kiuno. “Mzee, leo umeamkia wapi? Mzigo wote utakaa mkiani.”

“Nimesema nyuma. Lori lako au langu?”

Wakajaza nyuma. Kitinda akaelewa papo hapo. Alipoinua macho alikutana na ya kaka yake, aliyekuwa amejiegemeza kwenye gurudumu akitafuna kijiti.

“Shemeji anapimwa leo,” kaka akasema kwa sauti ya chini. “Wewe tulia.”

“Mtamuua.”

“Saruji haiui mtu. Sikiliza, ukimnong’oneza umemharibia. Mzee atasema umemletea nyumbani mwanaume wa kuongozwa na mwanamke, na posa itaishia hapo. Ukimpenda, funga mdomo.”

Akaufunga.

Njiani Fundi alikaa katikati, magoti yamebana, akiuliza maswali mazuri. Aliuliza gia, aliuliza mlima, aliuliza kwa nini breki hupiga chafya. Mzee Breki alimjibu yote kwa upole ambao Kitinda hakuwahi kuupata. Ukimsikia ungesema ameshampenda.

Walifika mizani jua likiwa limeanza kukaza. Palikuwa na uwanja mpana wa zege, kibanda cha kioo alimokaa karani, mwanamke mnene mwenye miwani, na pembeni kivuli cha bati ambamo madereva walisubiri zamu zao. Lori likapita taratibu juu ya bamba la kupimia. Sauti ya karani ikatoka kwenye kipaza sauti.

“Mbele sawa. Ekseli za kuvuta, nyuma ya kichwa, nyepesi. Za tela zimezidi, zaidi ya tani mbili. Tokeni pembeni mpange upya.”

Mzee Breki alishika kichwa kwa mikono miwili. Hata waigizaji wa kulipwa wangemwonea wivu. “Tumekwisha! Wale wapakiaji wametuua. Mzigo wote umelalia nyuma.”

“Sasa inakuwaje, baba?” Fundi akauliza.

“Ni kuhamisha mifuko, kutoka nyuma kwenda mbele. Na hapa vibarua hakuna. Mimi mgongo wangu unaujua? Huujui. Huyu shemeji yako ni dereva, akichoka sote tumekufa.”

Fundi akafungua vifungo vya shati lake jeupe. Akalikunja kwa kufuata mishono, akampa Kitinda. “Shika,” akamwambia, na akatabasamu. “Nitahamisha mimi.”

Akapanda.

Mfuko wa saruji si mzigo mkubwa kwa aliyezoea. Anajua kuuachia bega, anajua kupumua. Fundi aliukumbatia kifuani kama mtu anayembeba mgonjwa. Alitembea juu ya mifuko mingine, miguu ikizama na kuteleza, turubai likiwa limekunjwa pembeni na bati za tela zikirudisha joto la jua usoni mwake. Akaulaza mbele, akarudi. Akabeba wa pili. Kufikia wa kumi alikuwa ameacha kuubeba, anauburuta. Mingine ilipasuka pembeni, vumbi likamwagika likamganda shingoni, mikononi, kwenye nyusi, na jasho likaligeuza uji.

Madereva kivulini walielewa mapema. Walilitazama tela, wakazitazama pini, wakamtazama Mzee Breki aliyekalia ndoo akinywa chai, wakacheka chinichini. Hakuna aliyemwambia Fundi. Mchezo wa mtu hauharibiwi.

“Huyo ni nani?” mmoja akauliza.

“Fundi cherehani. Anataka kuoa.”

“Ahaa! Fundi!” yule akapaza sauti. “Shona, fundi! Mshono huo umekwenda upande!”

“Cherehani imekosa mafuta,” mwingine akadakia.

Fundi aliinua mkono kuwapungia, akidhani wanamtia moyo.

Kitinda alimpelekea maji. Alipanda kwenye ngazi ya tela, akamkabidhi chupa, akaiona mikono yake. Ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa imegeuka ya kijivu, na pale ilipochubuka palikuwa pekundu.

“Imebaki mingi?” Fundi akauliza.

Hapo palikuwa na nafasi. Baba alikuwa mbali, kaka alikuwa kibandani. Neno moja tu, pini, na Fundi angeshuka. Lakini Kitinda hakulisema, na haikuwa kwa hofu ya baba peke yake. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumbebea chochote. Yeye ndiye aliyebeba: faili, maji, hasira za baba, nguo chafu za kaka. Sasa mwanaume alikuwa anachunika juani kwa ajili yake, watu wanaona, na kulikuwa na utamu ndani yake, utamu wa aibu uliomfunga mdomo kuliko woga.

“Kidogo tu,” akamwambia. “Kaza moyo.”

Karani wa mizani alifungua dirisha lake akatoa kichwa. “Mzee, hilo tela si la ku—”

“Mama, wewe pima,” Mzee Breki akamkata. “Kupima ndiyo kazi yako.”

Karani alimtazama yule kijana juu ya mifuko, akamtazama mzee, kisha akafunga dirisha.

Mchana ukageuka. Mzee alimwambia ongeza, Fundi akaongeza. Walipopita tena juu ya bamba, kipaza sauti kikasema, “Sasa za kuvuta ndizo zimezidi. Mmepitiliza.”

Fundi alicheka. Alicheka kwelikweli, kicheko cha mtu ambaye mwili umeishiwa majibu mengine. “Basi nirudishe michache?”

“Ukirudisha kwa kubahatisha tutalala hapa,” mzee akasema. “Rudisha yote ilipokuwa, tuanze upya kwa hesabu.”

Kaka aligeuka akatazama ukuta wa kibanda, mabega yakimtikisika. Kivulini mtu alijifunika uso kwa kofia.

Fundi akairudisha yote. Mifuko ya mwisho aliisukuma kwa magoti na kifua, kwa kuwa vidole havikukunjika tena. Mara moja alianguka, akabaki amelala juu ya saruji, shavu limebandikwa kwenye karatasi, na Kitinda akaona midomo yake ikisogea. Huenda alikuwa anahesabu, huenda alikuwa anaomba. Akainuka. Jua lilipoanza kulegea, mzigo ulikuwa umekaa vilevile ulivyotoka ghalani.

“Shuka, mkwe wangu,” Mzee Breki akasema kwa upole. “Pumzika. Njoo uone kitu.”

Akamshika bega, akamsimamisha kando ya magurudumu ya nyuma. Akampigia mluzi mwanawe aliyekuwa amekwisha panda nyuma ya usukani. Breki za tela zikafungwa kwa mlio mrefu wa hewa. Mzee akainama, mgongo wake ule usiojulikana ukikunjika vizuri tu, akavuta mkono wa chuma. Pini zikachomoka kwa pamoja. Kichwa kikavuta, taratibu, taratibu. Bodi yenye mifuko yote ikateleza juu ya magurudumu kama droo, mzee akihesabu matundu kwa kidole. Akaachia mkono. Pini zikaingia kwa kishindo.

Lori likapanda bamba.

“Zote sawa,” kipaza sauti kikasema. “Piteni.”

Kivuli chote kikalipuka. Madereva walipiga magoti yao, walishikana mabega, mmoja alilala chini kabisa. Kaka alicheka akiwa amelalia honi, nayo honi ikalia bila kukoma. Mzee Breki alicheka mpaka akashika mbavu. Na Kitinda, aliyesimama na shati jeupe mikononi, alicheka pia.

Baadaye alijiambia kwamba alicheka kwa kuona yameisha, kwa kushusha pumzi, kwa kuwa wote walicheka na mdomo ukafuata. Fundi hakuyaona hayo. Aliona meno yake.

“Kumbe kuna pini,” Fundi akasema.

“Kuna pini, mwanangu! Lakini mimi nilikuwa natafuta mtu.” Mzee akanyoosha mkono, akaushika wa Fundi, akautikisa kwa nguvu. “Na nimempata. Karibu nyumbani.”

Fundi hakuuondoa mkono wake. Mzee alipouachia, kiganja chake kilikuwa na damu isiyo yake. Akakifuta kwenye suruali.

Saruji ikikaa kwenye jasho hula ngozi polepole, na haimwachi mtu kwa sababu ameiosha jioni. Kesho yake Fundi hakuweza kufungua mlango wake mwenyewe. Muuguzi aliyemfunga bandeji alimwambia hayo si michubuko, ni kuungua, na angefika mapema kidogo ingekuwa nafuu. Wateja walisubiri wiki, kisha wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja mmoja, wakiomba radhi.

Kitinda alikwenda na kopo la mafuta ya kupaka. Alimkuta ameketi mbele ya cherehani iliyofunikwa. Mama mshonaji alikuwa pembeni anapindisha pazia, akainama zaidi kwenye kazi yake.

“Ulijua?” Fundi akauliza.

“Nilitaka kukwambia. Kaka alisema—”

“Sijauliza ulichotaka.”

“Nilijua,” Kitinda akasema.

“Haya.”

Kitinda alikuwa ameanza kulia alipohisi mkono wenye bandeji umegusa kiwiko chake.

“Waambie wazee waweke siku,” Fundi akasema. “Isiwe mbali. Na gauni lako nitalitengeneza mwenyewe.”

“Na hiyo mikono?”

“Mkasi naweza kuushika kidogo. Simama wima nikupime.”

Alimpima taratibu, futi ikipita begani, kifuani, kiunoni, chaki ameibana kati ya vifundo vya vidole. Hakukosea hata kidogo. Kitinda alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyesamehewa. Alipoomba kulijaribu gauni, Fundi alimwambia asubiri, bibi harusi hana haraka. Alipoomba angalau alione, alimwambia limeshakatwa, aondoe wasiwasi.

Siku ikafika. Uwanja wa nyumba ulijaa viti vya kukodi na hema jeupe, ndugu walikuja kutoka mbali, mashangazi walichukua jiko kwa nguvu. Mzee Breki alisimama mlangoni na suti iliyombana, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa kisa cha mizani. “Nikamwambia rudisha yote! Na akarudisha!” Wageni walicheka, wakauliza yuko wapi huyo shujaa. Anakuja, mzee alisema. Mtu wangu huyo.

Aliyekuja ni mama mshonaji, peke yake, na mfuko wa nguo mkononi. Mashangazi walimpokea kwa vigelegele, wakampitisha hadi chumba alimokuwa Kitinda, amekwisha pakwa hina, amekwisha sukwa, amevaa kanga tu akisubiri gauni. Mama mshonaji aliuweka mfuko kitandani, akabaki amesimama.

Shangazi mmoja aliufungua. Akatoa mkono wa gauni, mweupe, wa hariri, peke yake. Akatoa mwingine. Akatoa kipande cha kifua, vipande vya sketi, ukanda. Vyote vilikuwa vimekatwa vizuri ajabu, vimepigwa pasi, vimekunjwa. Hapakuwa na uzi hata mmoja.

“Havijaunganishwa,” shangazi akasema, kama mtu anayesoma maneno asiyoyaelewa.

“Ndivyo alivyonipa,” mama mshonaji akajibu. “Amesema vipimo ni vya bibi harusi kamili, muunge wenyewe.”

“Yeye yuko wapi?” Kitinda akauliza.

“Amehama tangu jana. Cherehani ameniachia.” Mama yule alisita, kisha akalisema lililobaki, si kwa ubaya, bali kwa kuwa ilikuwa kweli. “Mikono haijarudi, mwanangu. Sindano ikimchoma haisikii. Kukata aliweza, kwa shida. Alikaa na hivyo vipande siku nyingi sana.”

Nje vigelegele vilikuwa bado vinaendelea.

Mzee Breki alipoambiwa alipiga teke kiti, kikaangusha vingine. Alisema atamtafuta hata chini ya mawe. Alisema ni mhuni, alisema ni mwoga, mwisho akasema alijua tangu mwanzo kwamba yule hana moyo. Wageni walikula, kwa kuwa chakula kilikuwa kimepikwa, wakaondoka mapema wakikwepa macho. Kaka alirudisha viti kwa lori. Mama alikusanya vipande kitandani, akavipanga kwa umbo la mtu, akasema vinaweza kupelekwa kwa fundi mwingine, kitambaa kama kile si cha kutupa. Kitinda akamwambia avitupe. Mama hakuvitupa, alivifungia kwenye sanduku lake.

“Utazoea,” mama akamwambia. “Mimi nilizoea.”

Wiki iliyofuata kulikuwa na mzigo, na Kitinda akapanda lori kama kawaida, faili kwapani. Kwenye mizani ile ile foleni ilikuwa ndefu. Madereva walimwona Mzee Breki wakamwita kivulini, akapewa ndoo ya kukalia, na kabla chai haijafika alikuwa ameshaanza kusimulia kuhusu fundi, shati jeupe, mifuko na pini. Alisimulia vizuri, kwa mikono na kwa sauti zote, na kila aliyekosa siku ile akaipata kama aliyekuwepo. Alipofika pale pa kupeana mkono akanyamaza, akaipokea chai yake.

Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake. “Malizia, baba,” akasema.

Mzee aligeuka. “Nimeshamaliza.”

“Hujamaliza. Waambie na harusi.”

Mzee akainua mabega. “Malizia wewe basi. Una mdomo.”

Akamalizia. Alisimulia bandeji, alisimulia futi ikipita kiunoni, alisimulia hema na viti na mashangazi. Alidhani wakisikia yote watamtazama baba yake kwa jicho jingine, angalau mmoja wao. Alipofika kwenye mfuko uliotolewa mkono wa gauni, halafu mkono mwingine, aliwatazama mmoja mmoja.

“Na wewe umekaa na kanga?” dereva mmoja akauliza.

“Nimekaa na kanga,” akasema.

Mtu akaguna puani. Mwingine akashindwa kujizuia. Halafu kivuli chote kikaangua kicheko, kikubwa kuliko cha siku ile, watu wakirukaruka, wakipigana viganja, mmoja akirudia, “Vipande! Kamletea vipande!” Mzee Breki alijaribu kukaza uso. Midomo ikamtetemeka, akainamia magoti yake, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akiyafuta kwa mkono wa koti.

Kitinda aliwatazama kwa muda. Kisha kipaza sauti kikaita namba ya lori lao, akashika faili lake, akaenda dirishani kwa karani kupokea uzito.